Mpira wa kulishia wodini: mwongozo kwa muuguzi wa zamu

Mzee wa kiharusi asiyeweza kumeza, kijana wa bodaboda aliyeumia kichwa, mwenye pepopunda ambaye taya zimekaza, mama mwenye saratani ya umio, mtoto mwenye utapiamlo mkali anayekataa kikombe: wote hawa huishia kuwekewa mpira (NGT), neli laini inayopita puani hadi tumboni, na anayewalisha mchana na usiku ni muuguzi. Daktari huandika mstari mmoja kwenye faili, "alishwe kwa mpira", kisha anasogea kitanda kinachofuata. Yanayobaki ni yetu.

Chuoni tulifundishwa sana kuupitisha. Mwamshe muuguzi usiku wa manane, atakutajia pua, sikio, kidari bila kusita. Lakini kupitisha ni kazi ya dakika chache, tena mara moja. Madhara mengi huja baadaye, katika mlo wa siku ya tano au ya kumi, wodi imejaa, ndugu wamechelewa na chupa ya uji, na mtu anashika bomba la sindano na kumimina bila kujiuliza ncha ya mpira iko wapi muda huo. Ndiyo maana nitapita haraka kwenye kupitisha, nikae zaidi kwenye kuthibitisha, chakula na dawa.

Kabla ya kuufungua mpira

Soma faili. Aliyevunjika mifupa ya uso au kitako cha fuvu hapitishiwi mpira puani, kwa sababu unaweza kuingia ndani ya fuvu. Shuku hivyo ukiona damu au maji maangavu yakitoka puani au masikioni baada ya ajali, au macho yote mawili yamezungukwa na weusi. Huyo hupitishiwa mdomoni, na daktari awepo. Simama pia, umuulize daktari, kama mgonjwa amekunywa tindikali au dawa kali ya kuzibulia mabomba, kama ana mishipa iliyovimba kwenye umio kutokana na ugonjwa wa ini au kichocho, au kama amefanyiwa upasuaji wa umio au tumbo siku za karibuni.

Ukubwa wa mpira hupimwa kwa kipimo cha French, kwa kifupi Fr, na Fr 1 ni theluthi moja ya milimita ya unene. Kwa mtu mzima atakayelishwa uji uliochujwa, Fr 12 au 14 inatosha. Fr 16 na 18 ni mipira ya kutolea uchafu tumboni. Ukimlishia mtu kwa mpira huo wiki mbili, pua itaoza kabla hajapona. Kichwa cha mpira huwa na rangi: katika mipira mingi buluu ni 8, nyeusi 10, nyeupe 12, kijani 14, chungwa 16. Hata hivyo soma namba kwenye pakiti, usitegemee rangi peke yake.

Kisha zungumza na mgonjwa, hata kama unadhani hasikii. "Shikamoo babu. Nitapitisha mpira huu puani ufike tumboni, upate chakula na dawa. Utakukera kidogo na machozi yatatoka. Ukinisaidia kumeza utapita upesi. Ukizidiwa, inua mkono huu, nami nitasimama." Makubaliano hayo ya mkono yanapunguza mapambano kuliko kumshika kwa nguvu.

Kupitisha

1. Mkalishe mgonjwa, au inua kichwa cha kitanda angalau nyuzi 45. Asiye na fahamu mlaze ubavu huku kichwa kimeinuliwa. Mashine ya kunyonya makohozi iwe karibu na uwe umeijaribu kwamba inafanya kazi.
2. Nawa mikono, vaa glavu. Ziba tundu moja la pua, kisha jingine, na umwambie avute pumzi. Tumia lile linalopitisha hewa vizuri.
3. Pima kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi ncha ya chini ya mfupa wa kidari. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 50 na 65. Kipimo hiki wakati mwingine hutoa mpira mfupi ambao ncha yake inabaki mlangoni mwa tumbo, kwa hiyo kichukulie kama mwanzo wa safari, si uthibitisho. Kwa mtoto mchanga, pima pua, sikio, kisha katikati ya kidari na kitovu.
4. Lainisha ncha kwa jeli inayoyeyuka kwenye maji, au maji safi. Mafuta ya mgando usitumie: yakiingia mapafuni hayayeyuki, nayo huleta nimonia.
5. Ingiza ukifuata sakafu ya pua, ukielekeza nyuma na si juu. Ukifika koromeoni, mwambie ainamishe kidevu kifuani na ameze. Kama daktari amesema anaweza kumeza maji kidogo, mpe mafunda madogo, na kila anapomeza sogeza mpira.
6. Akikohoa sana, akibadilika rangi, akikosa pumzi au sauti ikapotea, vuta nje mara moja. Kichefuchefu peke yake ni kawaida. Ngoja apumue, endelea.
7. Mfunue mdomo, tazama kwa tochi. Mpira hupenda kujikunja koromeoni huku wewe nje unaona namba imefika.
8. Bandika plasta, kisha weka alama ya kalamu isiyofutika pale mpira unapotoka puani. Andika namba hiyo ya sentimita kwenye faili.

Usiweke kitu chochote bado, hata maji.

Ncha iko wapi?

Wengi wetu tulifundishwa kupuliza hewa kwa bomba huku stetoskopu ikiwa kwenye chembe ya moyo, ukisikia mvumo basi uko tumboni. Acha. Mvumo huo unasikika pia mpira ukiwa kwenye umio, kwenye njia ya hewa, hata nje ya pafu ndani ya kifua, kwa sababu sauti husafiri. Uingereza waliwaambia wauguzi wao waache njia hiyo tangu mwaka 2005. Na bado, kati ya Septemba 2011 na Machi 2016, hospitali za huko ziliripoti matukio 95 ya chakula au dawa kuingizwa kwenye njia ya hewa au kifuani kupitia mpira uliokosea njia, na katika matukio 32 mgonjwa alifariki. Hizo ni hospitali zenye karatasi za pH, yaani za kupima tindikali, kila wodi na eksirei saa 24. Sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kuwa waangalifu.

Kutumbukiza mwisho wa mpira kwenye glasi ya maji kuona mapovu nako hakufai. Mpira uliogandamana na ukuta wa njia ya hewa hautoi povu, na ulio tumboni unaweza kutoa. Vilevile usitegemee kukohoa: mgonjwa asiye na fahamu anaweza kuwekewa mpira pafuni akakaa kimya kabisa.

Njia ya kwanza kitandani ni kuvuta majimaji na kupima kwa karatasi ya pH. Ikisoma kati ya 1 na 5.5, uko tumboni. Ikizidi 5.5, usilishe mpaka ujue kwa nini. Karatasi ya litimasi ya buluu si mbadala: haitofautishi vya kutosha majimaji ya tumbo na ya mapafu. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, hupandisha pH, na maziwa pia, kwa hiyo kama alilishwa muda mfupi uliopita ngoja saa moja ndipo upime.

Ukivuta usipate kitu, usikate tamaa wala usijidanganye. Mlaze ubavu wa kushoto, ili majimaji yakusanyike upande wa tumbo. Sukuma hewa ml 10 hadi 20 kuiondoa ncha kwenye ukuta, vuta tena polepole. Bado? Msafishe kinywa, ngoja dakika 15 hadi 30. Bado? Sogeza mpira ndani au nje sentimita 10 hadi 20, jaribu tena. Hatua ya mwisho ni eksirei.

Kwenye picha, usiridhike na kuona ncha tu. Fuata mpira kuanzia juu. Je, unashuka katikati ya kifua ukifuata njia ya umio? Je, unapita wima mahali koo la hewa linapogawanyika, bila kufuata tawi la kulia wala la kushoto? Je, unavuka diaframu (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) katikati? Je, ncha iko chini ya diaframu upande wa kushoto? Jibu likiwa hapana kwa hata moja, mgonjwa halishwi. Anayeisoma picha aandike jina lake, saa, na neno moja lisilo na utata: alishwe, au asilishwe.

Najua hali halisi. Hospitali nyingi za wilaya hazina karatasi za pH, na hoja hiyo hutumika kurudi kwenye stetoskopu. Zipiganie hizo karatasi kwenye orodha ya mahitaji ya wodi. Ni vipande vidogo vya karatasi, havihitaji umeme wala fundi. Zinapokosekana, mpira mpya kwa mgonjwa asiye na fahamu unastahili picha ya kifua kabla ya mlo wa kwanza. Kwa milo inayofuata, unganisha ishara: alama ya puani haijasogea, mdomoni hakuna mpira uliojikunja, majimaji yanafanana na ya tumboni (kijani, kahawia, au maangavu yenye vipande vya ute) wala si makohozi meupe au maji ya manjano maangavu, mgonjwa anapumua vilevile kama awali, oksijeni haijashuka. Hakuna moja kati ya hizo inayotosha peke yake, hasa rangi. Mbili zikipingana, simamisha mlo na umwite daktari wa zamu. Mlo mmoja uliorukwa unafidiwa. Uji uliomiminwa pafuni hauvutiki tena.

Uthibitisho una muda wake. Rudia kabla ya kila mlo na kila dawa, baada ya kutapika au kukohoa kwa nguvu, mgonjwa anaporudi kutoka eksirei au chumba cha upasuaji, anapokutwa ameushika mpira, na mwanzoni mwa zamu. Kukabidhiana zamu kufanyike kitandani, wote wawili mkisoma namba iliyo puani, si mezani kwa maneno ya "kitanda cha sita ana NGT, yuko sawa".

Chakula chenyewe

Hapa ndipo tunapowanyima wagonjwa bila kujua. Mtu mzima mgonjwa anahitaji takribani kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani mwenye kilo 60 anahitaji 1500 hadi 1800. Sasa tazama chupa ya uji ndugu waliyoleta. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kilokalori 360 hivi. Ukizipika zikatoka lita moja ya uji mwembamba unaopita kwenye mpira, mlo wa ml 300 mara sita kwa siku ni lita 1.8, na mgonjwa anapata kilokalori 650 tu. Tumbo limejaa maji, chati imejaa tiki, na mgonjwa anakonda mbele ya macho yetu.

Kinachosaidia ni kuongeza nguvu bila kuongeza uzito wa uji. Maziwa badala ya sehemu ya maji. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, ambacho peke yake kina kilokalori 120 hivi. Sukari kwa kiasi, isipokuwa mwenye kisukari. Unga wa karanga uliosagwa laini kabisa kisha kuchujwa. Halafu kuna kimea, elimu ya bibi zetu ambayo tumeiacha: unga wa nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, kijiko kimoja ukikichanganya kwenye uji mzito ulio vuguvugu, uji unalegea na kuwa mwepesi huku nguvu zote zikibaki ndani. Urudishe jikoni uchemke kidogo, upoe, uchuje kwa chujio laini. Mtaalamu wa lishe akiwepo, mpe hesabu hii aipange vizuri kwa mgonjwa husika. Mwenye figo au ini lililochoka ana mpango wake.

Chakula cha nyumbani kikishatoka jikoni kisikae katika joto la wodi zaidi ya saa 4. Chupa ya asubuhi isimaliziwe jioni. Kuna hospitali ambazo ndugu wanasafiri mbali, na njia inayofaa ni kuwaomba walete unga, maziwa na mafuta, kisha kila mlo upikwe jikoni kwa wagonjwa. Mweleze mwenye kuuguza kwa upole na kwa vitendo: "Mama, uji huu ni wa mlo huu tu. Ukibaki, kunywa wewe."

Mlo wenyewe huenda hivi. Kichwa cha kitanda kiwe nyuzi 30 hadi 45. Vitanda vyetu vingi mkono wa kuinulia kichwa umeharibika, basi pindua kiti chini ya godoro upande wa kichwa, au panga mablanketi. Mto mmoja chini ya shingo hauinui kifua, unakunja koo tu. Thibitisha ncha. Suuza kwa ml 30 za maji safi. Toa kijiti cha kusukumia kwenye bomba la ml 50 au 60, ubane mpira, unganisha bomba, mimina chakula, kisha achia kishuke chenyewe. Bomba lisizidi sentimita 30 hivi juu ya mgonjwa. Ongeza chakula kabla bomba halijaisha ili hewa isiingie. Mlo wa ml 250 hadi 300 uchukue dakika 20 hadi 30. Kusukuma kwa kijiti ili umalize upesi ndiko kunakoleta kutapika, kuharisha na kupaliwa. Mlo wa kwanza kabisa uwe mdogo, ml 100 hivi, uongeze kadiri anavyovumilia. Suuza tena ml 30, funga kifuniko, na abaki ameinuliwa hivyo dakika 30 hadi 60. Kumgeuza, kumwogesha na kumbadilishia shuka kufanyike kabla ya mlo.

Mabaki tumboni yamewatisha wauguzi kupita kiasi. Nimeona milo inarukwa kwa sababu ya ml 60 za majimaji ya kijani. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2016 kwa wagonjwa mahututi watu wazima inashauri kutopima mabaki kama desturi, na panapopimwa, mlo usisimamishwe kwa mabaki yaliyo chini ya ml 500 kama hakuna dalili nyingine. Tazama mgonjwa: tumbo limevimba na kukaza? Ametapika? Anaumwa? Hizo ndizo sababu za kusimama na kuita daktari. Majimaji uliyoyavuta, kama hayana damu wala harufu ya kinyesi, yarudishe.

Usisahau maji. Mwenye mpira mara nyingi hawezi kusema ana kiu, na chakula pekee mara nyingi hakimpi kiasi cha kutosha, kwani mtu mzima anahitaji takribani ml 30 kwa kilo kwa siku. Maji ya kusuuzia yaingie kwenye chati ya majimaji, na pengo lijazwe kati ya milo, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kikomo cha maji. Mkojo mzito, ulimi mkavu na kuchanganyikiwa kunakoongezeka mara nyingi ni kiu tu.

Aliyekaa muda mrefu bila kula

Mama wa saratani ya umio ambaye wiki mbili hajapitisha kitu ni mgonjwa wa hatari hasa unapoanza kumlisha. Mwili uliokuwa umezoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla huvuta madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuziingiza ndani ya seli, na moyo unaweza kusimama. Huyo huanzishwa kwa kilokalori 10 tu kwa kilo kwa siku, au 5 kwa aliyedhoofu kupindukia, kisha hupandishwa taratibu kwa siku kadhaa. Apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya mlo wa kwanza, na damu ipimwe kila inapowezekana. Katika siku za mwanzo angalia mapigo yasiyo na mpangilio, miguu kuvimba, kuhema, udhaifu mpya. Ndugu watanung'unika kwamba unamnyima mgonjwa wao chakula. Waeleze mapema, kabla hawajapitisha chupa nyingine ukiwa upande wa pili wa wodi.

Dawa

Kwanza uliza: ipo ya maji? Kama ipo, hiyo ndiyo ya mpira. Kama ni kidonge, je, kinaruhusiwa kusagwa? Vidonge vinavyotoa dawa polepole, kama nifedipini ya muda mrefu au kloridi ya potasiamu ya muda mrefu, ukivisaga unampa mgonjwa dozi ya siku nzima kwa dakika moja. Vyenye ganda la kuzuia asidi ya tumbo visisagwe. Vidonge vya VVU vya lopinaviri na ritonaviri vya watu wazima vikisagwa haviingii mwilini vya kutosha. Mpigie mfamasia, ni rahisi kuliko kukisia.

Kinachosagwa kisagwe kiwe unga kabisa, kikorogwe kwenye maji ml 10 hadi 15. Kila dawa peke yake, kwenye kikombe chake. Suuza ml 30 mwanzo, 15 katikati ya dawa na dawa, 30 mwisho. Kusaga vidonge vitano pamoja na kuvimimina kwenye uji ni njia ya hakika ya kuziba mpira, na mlo ukikataliwa nusu, hujui ni dawa ipi aliyoikosa.

Baadhi zinagombana na chakula. Fenitoini hushikamana nacho: simamisha mlo saa moja hadi mbili kabla na baada, la sivyo degedege litarudi huku chati ikionyesha dozi zote zimetolewa. Siprofloksasini na dolutegraviri hufungwa na kalsiamu na madini ya chuma, kwa hiyo ziwe mbali na vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu, na siprofloksasini iwe mbali na maziwa pia. Rifampisini na isoniazidi hupendelea tumbo tupu.

Jambo moja nitalisema kwa ukali. Bomba la sindano lenye dawa ya mpira lisiwekwe kamwe kwenye trei moja na dawa za mshipa. Maziwa au kidonge kilichosagwa kikiingia kwenye damu huua. Liandikie "MPIRA" kwa kalamu nene, na kabla ya kuunganisha, fuata mpira kwa mkono wako hadi puani, usiku hasa, taa ikiwa hafifu.

Umeziba

Tumia bomba la ml 50 au 60. Bomba dogo hutoa shinikizo kubwa zaidi na linaweza kuupasua mpira. Vuta kilichoko ndani kwanza. Kisha jaza maji vuguvugu, sukuma kidogo na kuvuta kidogo, kwa kupokezana, bila hasira. Funga, ngoja robo saa, rudia. Soda na juisi hazisaidii, maana tindikali yake hugandisha protini ya maziwa na kukaza kizibo. Waya wa aina yoyote ni marufuku. Usipozibuka, toa, weka mpya, na uanze uthibitisho upya kama mgonjwa mgeni.

Pua na kinywa

Kila siku ondoa plasta, safisha pua kwa maji, kausha, bandika mahali tofauti kidogo. Mpira uning'inie huru. Ukivutwa juu kuelekea kwenye paji la uso unakandamiza ukingo wa pua na kuukata ndani ya siku chache. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu: gusa kama pana joto, ugumu au maumivu, tazama ngozi inayong'aa au iliyokolea weusi. Kinywa kisafishwe kwa mswaki laini angalau mara mbili kwa siku, na kilowanishwe katikati. Asiyekula kwa mdomo hukaukwa, na uchafu wa kinywa hushuka mapafuni pamoja na mate.

Mipira ya kawaida ya plastiki hukakamaa, hivyo hubadilishwa baada ya siku 7 hadi 10 au kama mtengenezaji alivyoandika. Ya silikoni na poliyurethani hukaa wiki kadhaa. Kama mgonjwa ataendelea kuhitaji zaidi ya wiki 4 hadi 6, mkumbushe daktari kuhusu mpira wa tumboni, unaopita moja kwa moja kwenye ukuta wa tumbo.

Mpira wa tumboni

Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi, una saratani ya umio kwa wingi, na wagonjwa wengi hufika wakiwa hata mate hayapiti. Hospitali zetu mara nyingi huwafungulia tumbo kwa upasuaji na kuweka kateta ya Foley, ileile ya mkojo yenye puto karibu na ncha. Inafanya kazi, lakini ina tabia yake. Haina kizuizi cha nje, hivyo tumbo linapojikunja huivuta ndani hadi puto linaziba mlango wa kutokea tumboni. Mgonjwa anaanza kutapika, tumbo linauma, chakula hakiendi. Kwa hiyo weka alama inapogusana na ngozi, ifunge imara kwa nje, na kila zamu angalia alama. Ikiwa imezama, vuta taratibu mpaka puto liguse ukuta wa tumbo. Puto lijazwe maji safi ya sindano, si maji ya chumvi, kwa sababu chumvi hugandamana na kuziba njia ya kulitoa. Kidonda kisafishwe kwa maji na sabuni, kikaushwe.

Ikichomoka, mbio. Tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Kama limekaa zaidi ya wiki 4 hadi 6 tangu upasuaji, ingiza taratibu kateta safi ya ukubwa uleule ili kulishikilia wazi, bila kulisha, na uite daktari. Kama ni jipya, usiingize kitu: unaweza kulisukuma tumbo mbali na ukuta, na mlo unaofuata ukamwagika ndani ya fumbatio. Funika kwa kitambaa safi, piga simu ya upasuaji.

Watoto, kwa ufupi

Mtoto mchanga hutumia Fr 5 au 6. Bomba liinuliwe sentimita 5 hadi 10 tu juu yake, maziwa ya mama yashuke yenyewe kwa dakika 10 hadi 15, kamwe yasisukumwe. Mpira wake hubadilishwa kila baada ya siku 3. Mama ndiye mlishaji bora: mfundishe ashike bomba huku mtoto yuko kifuani kwake, nawe usimame kando, lakini uthibitisho wa ncha ubaki mikononi mwako. Kwa mtoto wa utapiamlo mkali anayetumia F-75, maziwa ya tiba ya siku za mwanzo, jaribu kikombe kwanza kila mlo, na kinachobaki ndicho kipite kwenye mpira. Akianza kumaliza asilimia 80 au zaidi kwa mdomo, mpira umekwisha kazi.

Kuutoa

Kwa mtu mzima, kabla ya kuutoa jaribu kumeza. Amekaa wima, macho yamefunguka, anaitikia. Kijiko kimoja cha maji, mara tatu, na baada ya kila kimoja mwambie aseme "aaa". Sauti ikiwa na majimaji, au akikohoa, mpira unabaki na jaribio linarudiwa siku nyingine. Akivuka, mpe maji kidogo kwenye kikombe, kisha uji mzito kidogo, ambao humezwa kwa urahisi kuliko mwepesi.

Siku ya kutoa, suuza mpira, ubane kwa vidole ili kilichobaki ndani kisidondoke kwenye njia ya hewa, mwambie ashikilie pumzi, vuta kwa mwendo mmoja ulio sawa. Safisha pua na kinywa, angalia kidonda puani. Andika saa uliyoutoa, alichokula kwanza na kiasi gani, na mpime uzito keshoye asubuhi kabla ya chai.